Bedriye na Mitutu Sitini

Mjini kwetu, juu kidogo ya ziwa la Beyşehir, bunduki hutengenezwa nyumba kwa nyumba, na kila mwenye karakana atakuapia kwamba yake ndiyo inayopiga penyewe. Usimsikilize. Mwenye karakana akishakunywesha chai atakusifia hata ufagio wake. Ukitaka kujua kama bunduki ya upepo unayoinunua ni bunduki kweli au ni bomba la maji lililovishwa mbao, muulize Bedriye. Atakuambia, na huenda usiipende sauti atakayokuambia nayo.

Aliingia karakana ya akina Nazmi, enzi za baba yake Nazmi, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, katoka kijiji cha ziwani, na kazi aliyopewa ilikuwa kuhesabu vidonge vya bunduki na kuvitia makoponi, mia tano mia tano. Upande wa pili wa ukuta mumewe, Halis, alikuwa akikereza mitutu. Wakati huo aliyepima bunduki kwa kuzipiga alikuwa mzee mmoja ambaye macho yalimwishia, na wanaume saba wakajaribiwa kumrithi. Wote saba walihema kama wanapanda mlima. Bedriye, aliyekuwa amewaletea chai, akaomba apige kidogo. Watu husimulia hadi leo kwamba alipiga kumi, zote tundu moja. Uongo mtupu. Mwenyewe anakanusha kila anapousikia: moja ilitoka nje, na hiyo iliyotoka ndiyo aliyoiandika kwanza kwenye kadi.

Kwa ajili ya hiyo moja, baba yake Nazmi alimpa kazi. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na tisa, hakuna mtutu uliotoka mlangoni pale bila kadi ya Bedriye: umbali, uzito wa kidonge, upana wa matundu yakikusanywa pamoja, sahihi yake chini. Matundu yakiwa yametawanyika, aliandika yametawanyika. Ndugu kwa ndugu walinuniana kwa ajili ya kadi hizo. Wanunuzi wa Konya walikuwa wakifungua sanduku, hawatazami bunduki, wanatafuta kadi kwanza.

Alikuwa na mazoea yake, na katika hayo lililo kubwa ni kulisha mtutu. Mtutu mpya una njaa, alisema, hauwezi kutulia. Basi kabla ya kuhesabu chochote alipiga vidonge thelathini bure, ili madini ya risasi yaukumbatie ule mtutu kwa ndani, yajaze vikwaruzo vyote. Baada ya hapo ndipo alipoanza kupima. Na mteja aliyekuja kuchukua bunduki yake alipewa onyo moja, kidole kikielekezwa puani pake: usiusafishe. Ukiusafisha umeurudisha kwenye njaa, na usije kunililia hapa. Mji mzima ukawa unalisha mitutu. Hata wapinzani wa karakana nyingine walilisha, kisha wakadai walianza wao.

Halafu yakaja madonge.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo kisa kilipo. Kidonge kina kiuno chembamba kama gilasi yetu ya chai. Kinagusa mtutu kichwani na mkiani tu. Kwa lugha yetu huitwa saçma, na saçma hiyohiyo ndiyo neno la upuuzi, kwa hiyo unaweza kufikiria utani tulioubeba maisha yetu yote. Donge halina kiuno. Limejaa kuanzia mbele hadi nyuma, zito, linakwenda mbali, na upepo haulichezei ovyo. Wawindaji wote wakayataka. Viwanda vikubwa vikaanza kutoa mitutu maalumu ya madonge, na Nazmi, aliyekwisha kurithi karakana, akataka kujua kama mitutu yetu ya vidonge itayapiga.

Mitutu yenyewe ilikuwa stoo, sitini, imekerezwa yote na Halis majira ya baridi yale. Halis aliiona kuwa bora kuliko yote aliyowahi kuifanya, na Halis si mtu wa kujisifu. Kazi akiipenda hunyamaza tu na kuipitishia kidole. Bedriye akachukua mitano kwa niaba ya sitini. Akailisha vidonge thelathini kila mmoja, akakaa mezani, akaegemeza bunduki ya majaribio juu ya kifuko cha shayiri, akapiga madonge kumi kumi kwa mita hamsini. Matundu yalitawanyika upana wa kiganja. Akarudia kesho yake alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Kiganja kilekile.

Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema springi. Mke mwingine angeweza kuipoteza ile kadi nyuma ya kabati. Bedriye akaandika: Mitutu hii haifai kwa madonge. Akatia sahihi. Jioni hiyo mkahawani wanaume wakapata la kusema wiki nzima: mtutu wa saçma umepiga saçma.

Halis hakumkasirikia. Ingekuwa afadhali angemkasirikia. Aliisoma ile kadi amesimama, akafuta mikono kwenye aproni, akaitundika aproni msumarini na hakurudi tena. Alisema mkono wake umezeeka. Kwa miaka miwili akawa anakunywa supu yake asubuhi, anasema ahsante, anateremka mkahawani kucheza mchezo wa vigae mpaka jua litue. Bedriye aliendelea kupima mitutu ya watu wengine, na aliendelea kujivunia kwamba hakumpendelea hata mumewe. Alijivunia kweli, sitaki kumsingizia unyenyekevu. Lakini kulikuwa na siku alimtazama yule mwanamume akikata mkate kwa mikono ambayo iliwahi kumega chuma kwa unene wa unywele, akaacha chakula chake mezani.

Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, Nazmi aliamua. Akaagiza mitutu ya kiwandani, na ile sitini ya Halis akaiuza kwa uzito wake kwa mtu wa chuma chakavu. Gari lingekuja kutoka Konya siku ya Alhamisi. Bedriye alipoambiwa alijibu, "Kadi ni yangu, siwezi kulalamika," akaenda kuosha gilasi ambazo zilikuwa safi.

Jumanne akaja Muhsin, mchungaji wa mbuzi wa huko juu, bunduki yake kaitia ndani ya gunia la unga. Ilikuwa inavuja hewa. Bedriye akabadilisha mpira uliokwisha, akajaza mtungi wake wa hewa, akanyoosha mkono apewe vidonge vya kuijaribia.

"Vidonge sina, mama," Muhsin akasema. "Natumia madonge tu."

Bedriye akaugeuza mtutu, akaiona chini yake ile alama ndogo ya Halis, herufi moja iliyochongwa kwa mkono. "Kwenye mtutu huu? Wewe mtoto, huu wa vidonge. Unapiga kunguru au unapiga mlima?"

"Kunguru. Mita sabini. Wananijua kwa jina."

"Wanakucheka kwa jina."

"Haya basi, si kaa upige mwenyewe? Meza hiyo hapo."

Akakaa. Akapiga moja, akatazama kwenye darubini, tundu lipo. Akapiga ya pili, hakuona tundu jipya. Ya tatu, hakuna. Akadhani zinatoka nje ya karatasi na akafurahi kidogo moyoni, kama mtu afurahivyo alichokitabiri kikitimia, hata kikiwa kibaya. Alipomaliza tano akatembea zile mita hamsini, kwa sababu darubini haiamini kuliko miguu yake. Kulikuwa na tundu moja, limeliwa kingo pande zote. Zile tano zilikuwa zimepitia mlango mmoja.

Alirudi na ile karatasi ameishika kwa mikono miwili.

"Muhsin. Umeufanya nini mtutu huu?"

"Sijaufanya kitu, wallahi."

"Sema. Sikupigi."

Muhsin akakuna shingo. "Unasafishwa," akasema. "Najua, najua, ulinikataza, uliniambia nikiusafisha nisirudi kukulilia. Lakini mke wangu hawezi kukaa nyumba moja na kitu kichafu, mama. Kila Ijumaa anachukua masikio ya watoto, anachukua viatu vyangu, anachukua bunduki. Anapitisha kitambaa cha mafuta mpaka kitoke cheupe. Mimi nilikuwa naficha usijue."

Bedriye alimrudishia bunduki, akakataa malipo, na Muhsin akaondoka haraka asije akabadilisha mawazo.

Karakana ilipobaki kimya aliingia stoo. Mitutu ilikuwa imefungwa kwa waya, tayari kwa gari. Mitano aliyoipima miaka miwili iliyopita aliitambua kwa alama zake za chaki. Akachukua mmoja, akatafuta kitambaa cheupe, akakifunga kwenye uzi na kukivuta polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Kilipita vizuri. Kilipokaribia mdomoni, pale Halis anapoubana mtutu kidogo tu ili kidonge kitoke kimetulia, kikakwama. Akavuta kwa nguvu. Kikatoka cheusi, kimejaa magamba ya risasi yanayong'aa.

Alielewa palepale, na uso ukamwaka. Kile kidonge chenye kiuno hakikujali magamba, kinayagusa kidogo na kuteleza juu yake. Donge linagusa kote. Linafika pale mtutu ulipobanwa limekwanguliwa upande mmoja, linatoka linapepesuka. Haya hayakuwa magamba ya Halis. Ilikuwa ni ile shibe ya Bedriye mwenyewe, vidonge thelathini, kwa heshima zote. Na ile mitutu hamsini na mitano mingine haikuwahi hata kupigwa. Aliihukumu kwa kadi moja.

Jumatano alifika kabla ya adhana ya alfajiri. Alichukua mtutu mwingine wa chaki, ambao hajaupitishia kitambaa, akapiga madonge kumi: kiganja. Akauvua, akausafisha kwa mafuta na kitambaa mara kumi na moja, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Akaufunga tena kwenye bunduki ileile, kifuko kilekile, madonge ya kopo lilelile. Akapiga kumi. Akaenda na sarafu ya lira moja mfukoni, akaiweka juu ya karatasi. Matundu yote yakapotea chini yake. Alisimama pale mbele ya ukuta wa mawe, mwanamke wa miaka arobaini na nane na goti bovu, akalia na kucheka kwa pamoja, na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi niliyekuwa kwenye paa la jirani nikiondoa theluji ya mwisho, nami nilijifanya sioni.

Mpaka saa sita mchana alikuwa amepima ishirini. Kumi na tisa iliifunika lira. Mmoja ulipiga vibaya, ukasafishwa, ukapiga vibaya tena, akaupaka rangi nyekundu kama kawaida yake kwa mtutu mbovu. Hata siku hiyo. Mwingine angeusamehe.

Nazmi alipokuta karatasi zimepangwa mezani alizishika moja moja, akakaa. "Dada Bedriye, hii ni mitutu yetu? Hii ya kesho?"

"Ya Halis."

"Nampigia yule wa chakavu sasa hivi, asije." Akatoa simu, akasita. "Lakini ile kadi. Wateja wanaikumbuka. Tutasemaje?"

"Tutasema kilichotokea."

"Ngoja, ngoja kwanza. Sikiliza. Tutasema madonge ya miaka ile yalikuwa mabovu. Siku hizi yanatengenezwa vizuri zaidi, nani atabisha? Jina lako linabaki safi, mitutu inauzika, kila mtu roho kwatu. Miaka ishirini na tisa, dada, hujawahi kufuta kadi. Jina lako ndilo tunalouza hapa, sio mbao."

Sitasema kwamba hakushawishika. Mji mzima ulilisha mitutu kwa sababu yake. Akisema neno moja, kila nyumba itakuwa na kicheko chake jioni hii, na wale waliodai walianza wao kulisha watakumbuka ghafla kwamba alianza yeye.

"Na Halis?" akauliza.

"Halis atafurahi, si mitutu yake imeuzika?"

"Halis ataamini madonge yamebadilika. Mkono wake hatauamini. Lete hiyo kadi."

"Dada..."

"Nazmi, lete kadi nisije nikaitafuta mwenyewe nikakuvurugia droo."

Akaletewa. Akaipiga mstari kutoka kona hadi kona, na juu yake akaandika: Kadi hii ni batili. Mitutu haikuwa na kosa. Aliyeilisha ndiye aliyekosea. Bedriye. Nazmi alisoma kwa kichwa upande.

"Mbona herufi kubwa hivyo? Mtu ataisoma akiwa barabarani."

"Ndiyo maana yake."

Akajitanda mtandio, akashika kadi kwa mkono mmoja na karatasi za shabaha kwa mkono mwingine, akateremka mtaani. Hakwenda nyumbani. Nyumbani Halis asingekuwepo mpaka jua litue, na yeye aliyoyaandika hakuyaandika chumbani. Miaka miwili iliyopita mumewe alichekwa mkahawani. Basi mkahawani.

Sasa, mkahawa wetu una mlango ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuupita, si kwa sheria, ila hakuna. Mke akimtaka mume hutuma mtu, au hugonga kioo. Bedriye aliusukuma mlango akaingia. Vigae vikanyamaza juu ya meza zote. Kâmil mwenye mkahawa akabaki na birika hewani. Halis alikuwa meza ya nyuma, mgongo kwa ukuta, na alimtazama mkewe kwanza kama mtu anayengoja kuambiwa nani amekufa.

Bedriye akasimama mbele yake. "Mitutu yako haikuwa na kosa," akasema. "Kosa lilikuwa langu. Niliilisha."

Halis akatega mkono sikioni. Mashine za kukereza zilimla sikio la kushoto zamani, hilo sote tunalijua. Ila Bedriye alikuwa amesimama upande wa kulia.

"Sikusikia," akasema.

Bedriye akasema tena, kwa sauti zaidi, akaweka karatasi moja mbele yake juu ya vigae. Halis akaitazama ile karatasi. Akapitisha kidole kwenye tundu. Uso wake ulikuwa umeanza kufanya kitu ambacho watu wa meza ile hawakukiona miaka miwili.

"Kâmil anamwaga chai, kelele," akasema. "Sikusikia."

Kâmil hakuwa anamwaga chochote. Mtu mmoja kwenye kona akaanza kucheka, wa pili akamfuatia. Na Bedriye aliyaona macho ya mumewe, akaelewa kwamba yule mzee ataisikiliza habari hii hata mara mia na hatashiba, na kwamba ana haki nayo. Aibu ikamtoka yote mwilini. Akanyoosha mgongo, akageuka ili mkahawa mzima umwone, akatumia ile sauti anayoitumia kuwaondoa watu kwenye uwanja wa kupigia shabaha.

"Mimi Bedriye, ninayewapima ninyi wote, nilikosea! Mtutu wa donge haulishwi! Mimi ndiye niliyeilisha mitutu ya Halis, na mimi ndiye niliyeandika haifai, na inafaa! Nimeipima ishirini leo. Kumi na tisa inapiga chini ya lira, mita hamsini, na hakuna mwanamume humu ndani anayeweza kukereza mmoja kama hiyo! Umesikia sasa?"

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisikia. Alitoka nje na wembe mkononi.

Halis alikuwa anacheka na machozi yanateremka kwenye masharubu, hata hakuyafuta. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, akakunja uso.

"Kumi na tisa?" akasema. "Si umesema ulipima ishirini?"

"Mmoja mbovu. Nimeupaka nyekundu."

"Mbovu?" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mtutu wangu? Hauwezi kuwa mbovu."

"Ni mbovu, Halis. Nimeupiga mara mbili."

"Uko wapi?"

"Karakana."

Alikwisha kuvaa kofia. Aliwaacha wenzake na mchezo katikati, akatoka, akaanza kupanda mtaa wa karakana kwa hatua ndefu, Bedriye akichechemea nyuma yake na kadi mkononi, nasi tuliobaki tukajazana dirishani tuwatazame. Tulimsikia mpaka walipofika kwenye kona.

"Uliusafisha kwanza au uliulisha?"

"Niliusafisha, we mzee!"

"Mara ngapi? Nasema mara ngapi? Sikusikia!"